Jina Moja Juu ya Nota

Hapo zamani, zamani ya juzijuzi tu, enzi hizi za simu na kompyuta, aliishi Bukoba mtunzi wa nyimbo za kwaya aitwaye Rwezaura. Mkewe, Kokusima, alifariki akamwachia simu yenye sauti yake: wimbo usio na maneno, alioimba kitandani, mgonjwa, mdomo ameufumba.

Rwezaura akaandika maneno. Akaandika sauti nne. Kisha akaitia rekodi ile kwenye programu ya kompyuta inayotunga yenyewe muziki wa ala. Akaomba kinanda, ikampa ngoma. Akafuta, ikampa ngoma. Akapunguza mwendo, ikampa ngoma ya polepole.

"Nimesema kinanda!" alifoka. "Wewe ni kiziwi au jeuri?"

Akamwita Mwalimu Protasi, mpiga kinanda wa parokia. Protasi akasikiliza mara mbili.

"Mzee, si jeuri. Inasikia kikohozi. Kila alipokohoa mama, yenyewe imehesabu pigo."

"Basi futa yote!"

"Niachie."

Wiki tatu Protasi akapunguza na kupunguza, mpaka likabaki pigo moja katika kila ubeti, pale pale pa kikohozi. Jumapili ya jubilei ya parokia kwaya ikaimba. Pigo lilipoanguka, kanisa zima likasimama. Paroko akaagiza nota zichapwe. Na juu ya nota, kama ilivyo desturi ya parokia ile, huandikwa jina moja.

Adela, dada wa marehemu, akaja mbio. "Shemeji, wimbo ni wa dada yangu. Hata hiyo mnayoiita ngoma ni kifua chake. Andika Kokusima."

"Dada Adela," alisema Protasi, "marehemu alikohoa, hakutunga kikohozi. Watu walisimama kwa pigo, na pigo nimeliokoa mimi. Mzee alitaka kulitupa!"

"Na maneno?" alisema Rwezaura. "Na sauti nne? Mliziokota barabarani?"

"Basi iandikeni hata kompyuta!" alicheka Adela.

"Usicheke," alijibu Protasi. "Ndiyo iliyosikia tusichosikia."

Rwezaura akaishika kalamu, akaiweka chini. Miezi minane alilala kando ya kikohozi kile, na hakuwahi kusikia ndani yake chochote ila ugonjwa.

Mchapaji amekwisha kupiga simu mara mbili. Haya, wenzangu, kalamu shikeni ninyi: je, nani alistahili kuitwa mtunzi?