Reale Kumi na Moja za Sharmadi

Sharmadi, muuza vitu vya kale mjini Lamu, kila reale, sarafu ya fedha ya zamani, aliyoletewa aliiita bandia ili ainunue kwa bei ya kutupa. Ikishaingia kwenye sinia lake mlangoni, ilikuwa halisi, bei shilingi elfu ishirini.

Asubuhi moja, duka limejaa wateja, Bi Mashavu muuza mahamri akamtia moja kiganjani.

Sharmadi akaitazama kwa kioo cha kukuzia. "Bandia, Bibi. Lulu za taji la huyu malkia zimegandana, maandishi ya ukingoni hayasomeki. Imemiminwa kwenye kalibu, haikugongwa chapa. Nakupa mia mbili, kwa huruma tu."

"Una hakika, mwanangu?"

"Naapa mbele ya hawa wote!"

Bi Mashavu akafungua pindo la leso, akatoa pesa. "Hiyo nimeitoa kwenye sinia lako sasa hivi. Nifungie pamoja na zile kumi zilizobaki, kwa mia mbili mbili."