Alama Mia Sita za Bwana Luambano

Shemeji yangu amenitumia kisa hiki leo asubuhi, nami nimeona nisikae nacho peke yangu. Kisome, ni kifupi.

Katika ofisi moja ya Morogoro, watu saba walikuwa wakiandika programu ya kuwakumbusha kina mama, kwa ujumbe wa simu, siku ya kupeleka watoto kliniki kupata chanjo. Mkuu wa waandishi hao alikuwa Bwana Luambano. Hakuna kazi iliyopokelewa kabla hajaisoma.

Kazi ya Tusekile, aliyekuwa na miezi minne tu pale, ilirudi kila mara imejaa maoni yake. Hapa umeacha nafasi mbili. Jina hili refu mno. Mabano haya yashushe mstari wa chini. Kama programu yenyewe inafanya kazi au haifanyi, hakusema.

Siku moja Tusekile aliingia kwa mkurugenzi, Mama Shekiango, akafunga mlango.

"Mama, nataka kuacha kazi. Nadhani Bwana Luambano hanipendi."

"Amekwambia?"

"Hajaniambia. Ila kila nikiandika, anaona makosa yangu tu."

"Nipe wiki moja, mwanangu."

Kesho yake Mama Shekiango aliagiza iwekwe programu ndogo ya ukaguzi. Kazi yake ni kusoma kila mstari na kuweka alama nyekundu penye kosa la uandishi, au penye jina la kitu ndani ya programu lililoachwa bila kazi. Sheria ilizofuata ni zile zile alizoziandika Bwana Luambano mwenyewe, kwa hiyo yeye alifurahi kuliko wote.

"Sasa mtaacha kusema nawaonea," alisema.

Ijumaa programu hiyo ilikagua kazi zote, matokeo yakatokea kwenye skrini ya ukutani. Tusekile: alama kumi na nne. Luambano: mia sita thelathini na moja.

Bwana Luambano alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Namba ilikuwa ile ile.

"Hii mashine haina adabu," alisema. "Imenisema mbele za watu, hata shikamoo haijanipa."

Kisha akacheka mwenyewe, na ofisi nzima ikacheka naye.

Alama karibu zote zilikuwa za nafasi na mabano. Mashine ilizirekebisha yenyewe kabla chai haijapoa. Ikabaki moja. Tusekile ndiye aliyeiona.

"Mzee, samahani. Hapa inasema jina 'simu_ya_jirani' limeandikwa lakini halijatumika popote."

"Lifute tu."

"Nadhani tusilifute. Kina mama wasio na simu waliandikisha namba za majirani. Kama jina hili halitumiki, hawatapata ujumbe."

Bwana Luambano alivuta kiti, wakatafuta pamoja. Kina mama wa namna hiyo walikuwa mia nne na kumi na wawili, na programu ilikuwa ianze kazi Jumatatu.

"Nilikusudia kurudi kulimalizia, nikasahau," alisema polepole. "Nilikuwa nahesabu nafasi zako."

Walilimalizia siku hiyo hiyo, ujumbe ukaweza kwenda kwa simu za majirani. Tusekile hakutaja tena habari ya kuondoka. Na tangu hapo Bwana Luambano, akisoma kazi ya mtu yeyote, huanza na swali moja: "Kwa ulivyoandika hapa, mama aliyeko kijijini ujumbe utamfikia?"

Funzo: Makosa madogo madogo iachie mashine iyatafute, maana humpima kila mtu sawasawa na haina kinyongo, macho yako yabaki kwa yale yanayomgusa binadamu.