Kwa Nini Mfiwa Huambiwa Pole

Haya, sogeeni karibu. Na wewe unayetikisatikisa mguu, utulize, maana habari hii haiwataki wenye haraka. Inatoka enzi ambazo binadamu alikuwa bado hajajua kutembea.

Msicheke. Miguu walikuwa nayo, tena yenye nguvu kuliko yenu, ila walijua mambo mawili tu: kukimbia na kukaa. Mtu akienda kisimani alikimbia, akienda shambani alikimbia, na akifika alijibwaga chini akahema. Hakuna aliyejua njia ya kwao imekaaje, kwa sababu hakuna aliyewahi kuitazama. Na mtu akifiwa, majirani walimjia mbio vilevile, kila mmoja na neno lake mdomoni. Huyu alisema sahau. Yule alisema usilie. Mwingine, bila haya, alisema utazaa tena. Wakishasema walitimua mbio kurudi makwao, wakamwacha mfiwa na maneno yao juu ya msiba wake.

Wafinyanzi peke yao ndio waliokuwa na mwendo mwingine, tena kwa kazi moja tu. Ardhi ya nchi ile ilikuwa ya unyevu na baridi. Chungu kilichotoka motoni kikiwekwa chini kingali moto, kilipasuka papo hapo. Kwa hiyo watu wawili walikipokea juu ya miti mibichi, wakakizungusha uwanjani hatua kwa hatua mpaka kipoe. Na ili hatua zao zilingane walikuwa na neno lao. Mguu mmoja ukikanyaga walisema "po". Wa pili ukikanyaga walisema "le". Pole, pole, hivyo hivyo, mpaka chungu kishikike kwa mkono. Neno hilo halikuambiwa mtu. Lilikuwa neno la vyungu.

Basi palikuwa na mfinyanzi mmoja, Sikudhani, mke wa Mshindo. Walikuwa na mtoto mmoja tu, Mwajabu, binti aliyekuwa ameanza kufinyanga vyungu vyake vidogo vya kuchezea, vimekaa upande, na mama yake akavichoma pamoja na vya kuuza ili asilie. Mwaka mmoja homa ilimshika Mwajabu. Dawa ya homa ile ilikuwa jani linaloota mahali pamoja tu, kwenye kilima cha Ngurunga, ng'ambo ya mto. Sikudhani alijifunga kanga kiunoni akakimbia. Wallahi alikimbia. Aliporudi na jani mkononi, alimkuta Mshindo amesimama mlangoni, na Mshindo hakumpisha apite. Hapo Sikudhani akajua.

Hakuingia ndani. Aligeuka akakimbia tena kwenda Ngurunga.

Na hayo ndiyo yakawa maisha yake. Kila kulipokucha alikwenda mbio mpaka kilimani, akachuma jani, akarudi mbio mpaka kizingitini, akakuta amechelewa. Kesho yake akaanza upya. Kichwani mwake lilizunguka jambo moja: ningekimbia zaidi. Alikataa kuingia ndani ya nyumba, akawa analala nje, chini ya ukuta. Nyayo zilichanika, miguu ikavimba, macho yakaingia ndani. Mshindo alimkimbilia nyuma na kibuyu cha uji, na uji ukamwagika njia nzima. Majirani nao walikimbia ubavuni mwake wakimpigia kelele asahau, lakini alikuwa hasikii mtu. Mvua za masika zilikuwa zinakaribia, na watu walishaanza kunong'ona kwamba hatazifikia, watamlaza karibu na mwanawe. Mshindo alilijua hilo kabla yao wote. Hakumwambia yeyote.

Siku moja, jua la utosi, miguu ya Sikudhani ilimkatalia. Alianguka pale uwanjani kwa wafinyanzi, akajikunyata kwenye majivu, kichwa magotini. Siku hiyo walikuwa wanatoa vyungu motoni. Aliyekuwa akivikagua ni Bi Nyamizi, bibi mzee aliyemfundisha Sikudhani kazi, ambaye moshi wa miaka ulikuwa umemla macho. Yeye alivijua vyungu kwa kiganja. Akapita akipapasa, hiki kimepoa, hiki bado, mpaka mkono wake ukatua juu ya kichwa cha Sikudhani, kilichokuwa kinawaka kwa jua na homa.

"Lo, hiki kimeungua hasa," bibi akasema. Akakilaza kiganja chake taratibu. "Pole. Pole."

Watu wakaangua kicheko. Bi Nyamizi alipapasa vizuri akagusa nywele, akagutuka. "Yarabi, kumbe ni mtu! Nisamehe, mwanangu. Nilidhani chungu."

Akataka kuondoa mkono. Sikudhani akaushika.

"Rudia, bibi," akasema. Tangu msiba hakuwa amesema na mtu.

"Nirudie nini?"

"Hilo ulilosema."

"Hilo si neno la watu, Sikudhani."

"Niambie hivyo hivyo. Wao wote wananitaka nifanye jambo. Nisahau, ninyamaze, nizae. Wewe hukunitaka kitu."

Aliyekuwa akicheka aliona aibu, akajifanya anapanga kuni. Bi Nyamizi alisimama pale na kiganja chake juu ya kile kichwa, akafikiri. Kisha akamwinua.

"Haya. Mimi kazi ninayoijua ni moja," akasema. "Kilichotoka motoni sikitupi kwenye baridi, wala sikirudishi motoni. Nakibeba. Simama twende."

Akamshika mkono, na Sikudhani, kwa mazoea, akamvutia njia ya Ngurunga. Miguu yake ikataka kukimbia. Bibi akamrudisha nyuma. "Ukikimbia kinapasuka," akamwambia. "Kanyaga. Sema."

"Po," akasema Sikudhani, akakanyaga. "Le."

Ilimuuma. Asiwadanganye mtu kwamba ilikuwa tamu. Alipokuwa akikimbia, uchungu ulibaki nyuma kidogo. Sasa alipopunguza mwendo ukamfikia, ukamjaa kifuani. Moyo wake ulichomoka ukarudi nyumbani, na bibi akausikia mkono wake ukikaza.

"Moyo umekwenda wapi?"

"Kitandani kwa mwanangu."

"Na mguu wako uko wapi?"

Sikudhani akatazama chini. "Kwenye mchanga."

"Mchanga ukoje?"

"Una joto."

"Basi. Pole, pole."

Bibi hakuukemea moyo ule kwa kwenda. Ulipokwenda aliungoja, na uliporudi wakakanyaga tena. Walipita kwenye mchanga, wakapita kwenye vigae, wakaingia kwenye majani yenye miiba. Wakashuka mtoni, maji yakawafika mapajani, mawe yakiteleza. Wakapanda mwinuko uliomfanya bibi asimame mara kwa mara akishika nyonga. Jua lilikuwa limeinama sana upande wa pili, na Ngurunga bado kilikuwa mbele yao.

Sikudhani akasimama. Njia hii alikuwa ameipita kila siku, na hakuwa ameiona hata mara moja. Akageuka nyuma akatazama mto, miiba, mawe, mchanga, na kule mbali kabisa mapaa ya kwao, madogo madogo.

"Bibi," akasema. "Njia hii ni ndefu."

"Ni ndefu, mwanangu."

"Ni ndefu mno."

"Mno."

"Hakuna miguu ambayo ingewahi."

Bi Nyamizi hakusema kitu. Angesema, lingekuwa neno lake, na hili lilitakiwa liwe la Sikudhani. Sikudhani aliketi njiani akalia, kilio ambacho alikuwa hajakilia tangu siku ile mlangoni. Alilia mpaka akaishiwa. Hakuchuma jani. Walipumzika, kisha wakageuka kurudi, mguu mmoja na mwingine, na safari hii Sikudhani ndiye aliyemshika bibi.

Usiku ulikuwa umeingia na mwezi umepanda walipoufikia uwanja wa nyumba. Mshindo alikuwa mlangoni na kibuyu chake cha uji. Alipomwona mkewe anakuja kwa mwendo ule ambao hajawahi kuuona kwa mtu, alidhani anakuja kufa. Sikudhani akamkaribia, akamtazama. Ndipo alipoona midomo yake imepasuka, na nyayo zake zimechanika kama za Sikudhani mwenyewe. Mwanamume huyu naye alikuwa amezika. Tangu siku ile watu wote walimkimbilia mama wa mtoto, na hakuna aliyemkumbuka baba.

Sikudhani akainua mkono akauweka kwenye paji la uso wa mumewe. Lilikuwa moto.

"Pole, Baba Mwajabu," akasema.

Jina hilo majirani walikuwa wameliogopa, wakaacha kumwita. Mshindo aliposikia, kibuyu kilimponyoka. Alilia kwa sauti, mtu mzima, mbele za watu, na Sikudhani hakumwambia anyamaze. Akamshika mkono. Wakatembea kuzunguka nyumba yao, pole, pole. Mwisho wakaingia ndani pamoja, na Sikudhani akalala kitandani kwake mwenyewe.

Siku nyingi baadaye, wakitembea hivyo, Mshindo alisimama akavuta pumzi ndefu. "Mama Mwajabu," akasema, "nadhani nimeshapoa."

Majirani waliowaona wakawaiga, na tangu siku hiyo watu wakajua kutembea, na mwendo huo tunauita polepole. Na tangu siku hiyo aliyefiwa haambiwi sahau. Huambiwa pole, kama chungu kilichotoka motoni, naye hujibu, nishapoa.

Lakini nyinyi wa siku hizi mnanitia hasira. Mnalitupa neno hilo mkiwa mmeshageuza mgongo, mkono mmoja kwenye simu. Hilo mmelisema nusu. Wengi hujibu nishapoa wakiwa bado wanawaka, ili wasikuchelewesheni. Kwa hiyo mtu akikujibu hivyo, usiondoke upesi. Weka kiganja chako, usikie mwenyewe. Ukikuta bado ni moto, mshike mkono, mtembee kidogo.