Ukindu Mwekundu Haushikwi na Wawili

"Ukindu mwekundu haushikwi na wawili."

Bibi Zena aliyasema maneno hayo asubuhi, wajukuu wake walipokuwa wakifungasha maandazi na miwa kwenda kushinda mtoni. Alikuwa ameuliza swali moja tu: nani atamwangalia Mwanjaa, mdogo wao wa miaka mitatu? Wakamjibu kwa sauti moja, "Sote, Bibi!" Hapo ndipo alipoitoa methali hiyo, akavuta kigoda, akaketi katikati ya mlango. Kutoka kukawa hakuna.

Hidaya, mkubwa wao, akauliza ukindu unahusu nini na kuogelea. Bibi akamwambia atue kikapu chini kwanza. Methali haioti yenyewe kama uyoga, alisema; hii ina watu waliolia ndipo ikapatikana, na mambo yalikuwa hivi.

Zamani, kabla ya barabara kufika Kwemivumo, watu wa huko hawakukubali kukaa na kiangazi ndani ya nyumba. Jua la Januari likishaanza kukausha visima, kila ukoo ulifunga milango, ukabeba vyungu, mikeka na wazee wake, ukapanda hadi mtoni chini ya milima kukaa siku saba. Huko kulikuwa na upepo, zambarau zilizoiva mpaka zikaanguka zenyewe, na mikindu isiyohesabika, miti ambayo majani yake ndiyo ukindu. Wanaume walikwenda kukata makuti machanga. Wanawake waliyachana kuwa chane nyembamba, wakayaanika, mengine wakayachemsha katika rangi, kisha wakakaa kivulini kusuka kili, zile tepe ndefu ambazo baadaye hushonwa pamoja zikawa mkeka. Asiyejua kusuka alifundishwa, na asiyefundishika alipewa mwiko akapike. Jasho lilitoka, lakini hakuna aliyeiita ile kuwa kazi. Watu walizingoja siku hizo saba mwaka mzima.

Tabia alizingoja kwa hofu. Yeye alikuwa ameolewa Kwemivumo akitokea Handeni, nchi kavu, ambako maji hukaa ndani ya mtungi na hayana mbio. Miaka minne mfululizo alipata udhuru wa kutokwenda: mara mimba, mara mtoto ananyonya, mara mtoto ana surua. Mwaka wa tano binti yake Sauda alikuwa mzima kama kigongo, anakimbia, anapanda kila kitu, na udhuru ukamwishia. Akaenda. Mumewe, Mhando, alimwambia njiani kwamba atafurahi. Yeye akawa anausikiliza mto kabla hata hawajauona.

Na kweli palikuwa pazuri, hilo Tabia hakuweza kulikataa. Lakini uzuri wenyewe hakupata nafasi ya kuufaidi. Kila aliposuka misuko minne mitano aliinua kichwa kumtafuta Sauda. Akimwona, anarudi kwenye ukindu. Akirudi, amesahau uchane upi ulikuwa juu na upi chini. Ukili wake ukaenda kombo, ukajikunja kama njia ya panya. Wanawake wa ukoo, tisa pamoja naye, wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Aliyecheka zaidi ni wifi yake, Mwanaidi, dada mdogo wa Mhando. Huyu alikuwa mchumba wa mtu, harusi yake ilikuwa baada ya mfungo, na mama yake, Bi Sikudhani, alikuwa akimsukia kili za mkeka wa harusi, nyekundu na nyeupe, kazi ambayo vijiji vitatu vilikuwa vinaisubiri kuiona.

"Wifi, huyo mtoto mfunge kamba kama mbuzi, upumzike," Mwanaidi alimwambia. "Huku mtoto ni wa wote. Macho yote haya, au sisi sote ni makengeza?"

Wakamwita Bi Wasiwasi. Tabia alicheka nao, maana mgeni wa ukoo afanye nini tena, lakini moyoni aliona haya. Aliona haya mbele ya mama mkwe, ambaye aliuokota ukili wake uliopinda, akautazama, akauweka chini taratibu. Tabia angeona afadhali atukanwe.

Siku ya nne akaamua. Leo sitamtazama, alijiambia. Wako watu wanane, wote wamezaa au wamelea, mimi ni nani niwaone vipofu? Sauda alikuwa akicheza kukimbizana na shangazi yake Mwanaidi kando ya vichaka vilivyoanikwa ukindu. Tabia akainamisha kichwa, akasuka. Mwanzo shingo ilimuuma kwa kujizuia. Kisha vidole vikashika njia, uchane ukaufuata uchane mwenzake, na ukili ukaanza kutoka umenyooka, mwembamba, safi, urefu wa mkono, urefu wa mikono miwili. Kwa mara ya kwanza alielewa kwa nini watu hawa hupanda huku kila mwaka. Alijisikia raha. Akauinua ule ukili ili mama mkwe auone, na alipouinua akakumbuka.

"Sauda yuko wapi?"

"Si yuko na Mwanaidi?" mmoja akajibu bila kuinua macho.

"Mimi nilimwacha hapo kwa mama," akasema Mwanaidi. "Nilikuja kugeuza makuti."

"Kwangu hakuja," akasema Bi Sikudhani. "Nilisikia anacheka huko kwa wapishi."

Wapishi walidhani yuko kwa wasusi. "Nimemwona sasa hivi," akasema mwingine, lakini alipoulizwa sasa hivi ya lini, hakuweza kusema kama ni kabla ya chai au baada. Tabia alisimama, ukili ukamwanguka. Wote walikuwa na mtoto, kwa hiyo hakuna aliyekuwa naye.

Kwenye kichaka, fungu la ukindu mwekundu lilikuwa limepungua. Uchane mmoja ulikuwa mchangani, hatua kumi mbele. Mwingine ulikuwa juu ya jiwe. Wa tatu ulikuwa ukingoni mwa maji, nusu umelowa.

Wakati wa kiangazi mto ule hupungua hata mawe yakatokeza, na mtoto anaweza kuruka moja baada ya jingine kama anacheza. Katikati kabisa kulikuwa na mwamba mpana. Juu yake alikuwa ameketi Sauda, mgongo kwao, amejiinamia. Tabia alifungua kinywa kuita, lakini Bi Sikudhani akamziba kwa kiganja.

"Usimwite. Akikusikia atakimbilia kwako. Tazama maji."

Tabia akatazama. Asubuhi yalikuwa yanaonyesha changarawe; sasa yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na yalibeba majani na povu. Juu yao jua lilikuwa linawaka, lakini milimani wingu lilikuwa limekaa jeusi. Mvua ilikuwa imenyesha huko. Kila mwenyeji alijua maana yake: kabla sufuria ya ugali haijaiva, mawe yale yangekuwa chini ya maji, na mwamba ungefuata.

Wanaume walikuwa mbali, na kamba zote walikuwa nazo wao za kufungia makuti. Bi Sikudhani hakusubiri. Alivuta kili za harusi ya binti yake, zile nyekundu na nyeupe, akazikunjua mchangani, akaongeza ukili mpya wa Tabia, akaamuru wazisokote nne kwa pamoja. Mwanaidi, mwenye kili hizo, alikuwa wa kwanza kupiga magoti na kusokota.

"Nitakwenda mimi," akasema. "Mimi najua kuogelea."

"Wewe hapana," Tabia akamjibu. "Akikuona wewe atadhani mnakimbizana. Ataruka."

Ilikuwa kweli. Tabia, mtu wa Handeni, akafunga kamba kiunoni, akaingia majini mpaka vifundoni. Yalikuwa baridi, na yalivuta. Akageuka nyuma.

"Nani ameshika?"

"Sote tumeshika!" wakamjibu. "Nenda, sote tupo!"

Tabia akasimama pale pale. Neno hilo alikuwa amelisikia siku nne.

"Sitaki sote," akasema, na sauti yake ikapasuka. "Sote ndiyo iliyonipotezea mwanangu. Nipeni jina moja! Nani ameshika?"

Maji hayakungoja. Kisha Mwanaidi akaizungusha kamba kwenye kifundo cha mkono wake, mara mbili, akakaza.

"Mimi, wifi. Mimi Mwanaidi. Nimeshika."

Tabia akaenda. Jiwe la kwanza lilikuwa bado kavu juu. La pili lilikuwa limelowa. La tatu hakuliona, alilitafuta kwa mguu, maji yakiwa magotini, huku akisoma kila dua aliyoijua na kuichanganya na nyingine. Alipoufikia mwamba alipanda kwa tumbo. Sauda akageuka, akaficha kitu mapajani.

"Mama, usitazame! Sijamaliza."

Alikuwa amesuka chane tatu nyekundu. Zilikuwa zimepinda kila upande, kama alivyomwona mama yake akifanya.

Tabia hakumkaripia. Alimwambia kwa sauti ya kawaida, ambayo hakujua ameipata wapi, kwamba watamalizia nyumbani, akamfunga mgongoni kwa kanga, mafundo mawili. Njia ya mawe ilikuwa imekwisha. Akashuka, maji yakamfika mapajani, kisha kiunoni. Hatua chache kabla ya ukingo, mguu ukakosa pa kukanyaga.

Kule nje kamba ilipokazika ghafla, mwanamke wa nyuma kabisa aliteleza kwenye tope, akamwangusha aliye mbele yake, na mstari mzima ukaachia. Kila mmoja alidhani mwenzake bado anavuta. Mwanaidi peke yake hakuachia, na hata angetaka hangeweza, maana kamba ilikuwa imemfunga. Aliburutwa mpaka magoti yakaingia majini, akakita visigino kwenye jiwe, akapiga kelele kwa maumivu, akabaki hapo hapo. Ukindu ulimkata ngozi. Wenzake walipoinuka wakamshika kiuno, wakavuta, na Tabia akatoka mtoni akitambaa, mtoto mgongoni akilia kwa sababu msuko wake umelowa.

Hapo hakuna aliyecheka. Tabia alimkumbatia Sauda, akalia, kisha akasema lililomkaa rohoni, mbele ya mama mkwe na wote: "Niliona haya kumtazama mwanangu. Nilitaka ukili wangu unyooke."

"Haya hiyo ni yetu," akasema Bi Sikudhani. "Tulikucheka kwa kufanya kazi ambayo sisi tuliiacha."

Akaufungua mkono wa Sauda, akachomoa uchane mmoja mwekundu, akasema utafungwa mkononi mwa anayemwangalia mtoto. Mwanaidi akanyoosha mkono wake uliochanika, akaomba afungwe yeye, amwangalie mtoto mpaka jua litakapotua. Akafungwa. Mama mkwe akaweka sharti: anayetaka kupumzika aufungue uchane, amfunge mwenzake mkononi, aseme "Nakukabidhi," na mwenzake ajibu kwa jina lake, "Nimepokea." Bila hivyo, mtoto ni wako, hata ukienda kuchota maji.

Alasiri hiyo hiyo mke wa kaka mkubwa wa Mhando, kwa wema tu, alikuja na uchane wa pili. Alitaka amsaidie Mwanaidi, wamwangalie wawili, si ni bora zaidi? Bi Sikudhani akautwaa uchane ule, akautupa motoni.

"Ukindu mwekundu haushikwi na wawili," akasema. "Wakishika wawili, kila mmoja atamwachia mwenziwe."

Mkeka wa harusi haukuwa tena vile vijiji vitatu vilivyotarajia. Kili nzuri zilikuwa zimechanika. Ilipofika siku ya kushona, Mwanaidi akaziomba zile kili za Tabia zilizopinda, zote, zishonwe katikati. Shangazi mmoja akamwonya kwamba bwana harusi atadhani amedharauliwa. Mwanaidi akamjibu kwamba bwana harusi atafahamishwa. "Kili hizi zilipinda kwa sababu msukaji alikuwa anamwangalia mtoto," akasema. "Mkeka wa nyumba nautaka uwe hivyo."

Hapo Bibi Zena akamaliza. Nje jogoo aliwika saa isiyo yake. Wajukuu walimtazama Mwanjaa, ambaye muda huo wote alikuwa amekaa sakafuni akijaribu kuingiza andazi zima kinywani, na hakuna aliyekuwa amemwona.

Hidaya akainuka. Akaenda kwenye kona ambako Bibi huweka ukindu wake, akachambua mpaka akapata uchane mwekundu, akarudi, akanyoosha mkono.

"Mimi, Bibi. Mimi Hidaya. Nimepokea."

Bibi akaufunga, fundo moja, akasogeza kigoda pembeni ya mlango. Shabani, mdogo wa Hidaya, naye akanyoosha mkono wake haraka, akasema afungwe pia, atamsaidia dada yake.

Hidaya hakungoja Bibi ajibu. Alikuwa tayari amemshika Mwanjaa mkono.

"Beba kikapu wewe," akamwambia Shabani. "Ukindu mwekundu haushikwi na wawili."