Kwa Nini Duma Huhema Upesi

Nilikuwa nachambua maharage wakati Mutheu, binti yangu, alipotoka ndani na redio mkononi. Ile timu ndogo ya mbio za magari anayoishabikia haitashindana mwaka huu. Viwanda vya injini ni vya timu kubwa, na vimekataa kuiuzia.

"Mama, si waunde yao?"

"Waunde kwa nini, kwa udongo? Keti unisaidie kutoa mawe. Hao wenye viwanda wamemwiga Duma."

Zamani mnyama hakuzaliwa na kifua cha mbio. Kifua kilishonwa kwa ngozi, kikavaliwa, na fundi alikuwa mmoja tu: Duma. Kila kiangazi wanyama walishindana kukimbilia kisima cha mwisho. Wa kwanza alikunywa maji safi. Wa mwisho aliramba tope.

Duma alishona, na Duma huyohuyo alishindana. Haki iko wapi hapo? Vifua vipya alivaa yeye. Kikiungua anakitupa, anavaa kingine. Swala aliuziwa kilichochakaa mwaka juzi, kwa chumvi ya msimu mzima. Akilalamika anajibiwa, "Basi tembea, mama." Tena kila mwaka Duma alibadilisha mshono, ili viraka vya zamani visishike.

Kiangazi kimoja kifua cha Swala kilipasuka njiani. Alipofika, hata tope lilikuwa limeisha, na mwanawe mchanga akafa kwa kiu. Hakwenda barazani kulia. Alikitupa kile kifua mbele ya Tembo, mkuu wa baraza.

"Haya ni mashindano au ni mazishi yetu? Fundi anajua nani atashinda kabla hatujatoka nyumbani, na nyinyi mnakuja kupiga makofi!"

"Asiyeweza gharama akae kwake," akasema Duma.

Nyani akadakia kutoka nyuma, "Kwake wapi, bwana fundi? Ana kisima uvunguni?"

Baraza likacheka. Swala hakucheka.

Tembo akakata shauri: mwenye kushona atawashonea wote, kwa bei itakayopangwa na baraza. Na kila mnyama atavaa kifua kimoja mpaka kufa. Kitafungwa kwa ulimbo, kisibadilishwe.

Swala aliagiza cha ngozi nene, kisicho na kasi kubwa lakini kinachodumu. Duma akamcheka. Yeye alivaa chembamba kuliko vyote, akajipigapiga: "Fungeni changu kwanza!" Alikuwa amezoea kutupa, kwa hiyo hakuwahi kujiuliza kama kifua chake kingefika mbali.

Kiangazi kilichofuata aliwapita wote kufumba na kufumbua. Kabla ya nusu ya njia kifua kikawaka moto. Akaanguka kando ya kichaka, akakivuta akibadilishe. Ulimbo ulikuwa umeshika. Swala alimpita bila kusimama, na watoto wake waliobaki wakanywa maji safi.

Na tangu siku hiyo Duma humshinda kila mnyama mwanzoni, kisha huketi akihema. Swala asiponaswa mapema, hanaswi tena.

"Na hawa wa magari, nani atawafungia kifua?" Mutheu akauliza.

"Baraza lao, likichoka kupiga makofi. Bandika sufuria."

Maharage yalipoiva nikapakua. Mutheu, kaka yake Kioko, baba yao, nyanya yao: wote walikula ya sufuria moja, na hakuna aliyepewa kiporo.