Zahanati Iliyofutwa Usangalo

Haya, sogeeni, ila leo msitarajie kucheka. Walikuwapo waandishi watatu wa gazeti moja, kila mmoja na kipaji chake. Tumsifu alijua kuchimbua takwimu. Mwanahawa alijua kuzilinganisha mpaka uongo ujitokeze wenyewe. Lwitiko hakuamini kitu bila kukanyaga mahali penyewe.

Siku moja Tumsifu alikuwa akipekua tovuti ya takwimu za serikali, ile iliyo wazi kwa kila mtu. Akakuta zahanati ya kijiji cha Usangalo: inafanya kazi, ina muuguzi, hupelekewa dawa kila mwezi.

Mwanahawa akalinganisha na orodha ya watumishi. Lo! Muuguzi yule alishahamishiwa mjini. "Sasa dawa anazipokea nani?" akauliza.

Lwitiko akafunga safari. Akakuta kufuli mlangoni. Akawauliza wanakijiji dawa zinakwenda wapi, wote wakasema, "Hatujui, mwanangu." Walijua sana! Zilipokelewa na Bi Nyamizi, mfanya usafi wa zahanati, akazigawa kwa mlango wa nyuma. Kwa kuwa si muuguzi, kijiji kizima kilimficha asije akafungwa. Kabula, binti wa Mama Kashindye, alikuwa na kifafa, na vidonge hivyo ndivyo vilivyomweka hai.

Gazeti likatoka: zahanati imefungwa, dawa hazijulikani ziendako. Hawakuzua hata neno moja. Wakubwa wakaona aibu. Mnadhani walileta muuguzi? Thubutu! Waliifuta zahanati kwenye takwimu, na dawa zikakoma. Kabula akashikwa na kifafa akiwa peke yake jikoni, akaangukia moto. Wamemzika juzi.

Jana mama yake akapiga simu gazetini. "Rambirambi zenu sizitaki. Namtaka mmoja tu, yule aliyemkatia mwanangu dawa, aje akae mbele yangu."

Tumsifu akasema, "Mimi nilisoma kilichoandikwa, basi."

Mwanahawa alikuwa analia. "Nisingelinganisha, ningekuwa mwandishi gani?"

"Niliwauliza, jamani," akasema Lwitiko. "Niliwauliza mmoja mmoja, wakanificha."

Mimi nimelifikiria hili hadi kichwa kinaniuma, na jibu sina. Inaniuma kwamba kati ya hao watatu hakuna aliyefanya kazi yake vibaya. Mama wa watu amekaa kwenye mkeka, anamsubiri mtu mmoja. Je, wewe ungemtuma nani? Na akishakaa mbele yake, amwambie nini?