Jiwe Lililopanda Mlima

Hii nimeletewa asubuhi na mtu ambaye huwa hanitumii kitu, nikajua ana sababu zake. Isome polepole mpaka chini. Na kama kuna mtu ambaye ukisikia amefanikiwa tumbo linakukata, isome mara mbili kabla hujamtumia mwingine.

Palikuwa na kambi ndogo ya wanariadha kwenye milima ya Mbulu, kule ambako asubuhi ukivuta pumzi pua inauma kwa baridi. Katika kambi hiyo aliishi mwanamke mmoja, Veneranda, mkimbiaji wa mita elfu kumi. Kwa miaka kumi na moja hakuna mwanamke wa kambi ile aliyewahi kuuona uso wake wakati wa mbio. Walizoea kuona mgongo tu.

Kocha wao, mzee Gwandu, alikuwa na utaratibu wake. Kila Alhamisi, mkimbiaji wa mbio ndefu alipanda mlima peke yake. Alianzia darajani, akapita katikati ya msitu wa misonobari, akamalizia kwenye jiwe kubwa lililopakwa chokaa. Alijipima kwa saa yake mwenyewe, na akirudi alichukua chaki akaandika muda wake kwenye mlango wa jiko, kila mtu auone. Gwandu mwenyewe goti lilishamgomea siku nyingi. Hakupanda kukagua.

"Mtu akinidanganya mimi," alizoea kusema, "miguu yake si inajua?"

Mwaka huo ikaja habari kwamba kutakuwa na mchujo wa kupata timu ya taifa, na katika mita elfu kumi kwa wanawake nafasi ilikuwa moja. Veneranda alikuwa na miaka thelathini na mbili. Alijua kwamba akiikosa hiyo hakuna nyingine itakayomsubiri. Lakini hakuwa na hofu, maana katika mbio hizo pale kambini hakuwa na mshindani.

Wiki hiyo hiyo akafika kambini msichana mmoja na begi la nguo, debe la mahindi, na viatu vya kuazima vilivyompwaya. Jina lake Juditha, naye pia mkimbiaji wa mita elfu kumi.

Siku ya kwanza walikimbia wote tambarare. Veneranda aliongeza mwendo kidogo ili amwonyeshe mgeni wapi amekuja. Mgeni akabaki pale pale, ubavuni. Akaongeza tena. Mgeni akabaki, tena akamsalimia.

"Shikamoo dada. Sikupata nafasi ya kukuamkia asubuhi."

Hebu fikiria. Mwenzio roho iko mdomoni, yeye anatoa shikamoo!

Siku hiyo Veneranda hakula. Alikaa na sahani ya makande mbele yake akimtazama Juditha anavyokula, anavyocheka na wapishi, anavyoongezewa bila kuomba. Kila kitu cha msichana yule kilimkera: meno yake, kicheko chake, hata namna alivyokuwa akifunga kamba za viatu. Tuseme tu ukweli, alimwonea wivu mpaka kwenye kucha.

Jumatano mchana, watu wote wakiwa wamelala baada ya chakula, Veneranda alipanda mlimani. Lile jiwe lilikuwa na ukubwa wa beseni la kufulia. Akalisukuma kwa mikono, akalisukuma kwa mgongo, akalibingirisha kupanda mlima hatua mia tatu nzima, hadi kucha mbili zikavunjika. Pale lilipokuwa akapafukia kwa majani ya misonobari. Nakwambia, mwaka mzima hakuwa amefanya mazoezi magumu kama ya siku ile. Wivu ukimpa mtu kazi, haulizi kama amekula.

Alhamisi asubuhi alipanda yeye kwanza. Alikimbia mpaka mahali pa zamani, kwenye msonobari wenye kovu alioujua hata akifumba macho, akasimamisha saa. Akashuka na kuandika: dakika ishirini na moja na sekunde kumi. Moyoni alijiambia hajadanganya mtu, kwa kuwa huo ndio mlima halali na huo ndio muda wake halali.

Kisha akapanda Juditha, ambaye hakuujua mlima wala msonobari wenye kovu. Yeye aliambiwa tu: kimbia mpaka ulione jiwe jeupe. Aliporudi aliandika dakika ishirini na mbili na sekunde hamsini. Akautazama mlango kwa muda mrefu.

"Dada, wewe ni mtu au swala?" aliuliza.

"Mlima una wenyewe," Veneranda akamjibu, na usiku ule alilala usingizi wa mtoto.

Basi tangu hapo alianza kujilegeza. Ya nini kujiua wakati mwenzako yuko nyuma dakika nzima na zaidi? Mazoezi ya alfajiri akayapunguza. Mazoezi ya tumbo akayaacha. Kazi yake kubwa ikawa kusimama mlango wa jiko kila Alhamisi na kusubiri kuona Juditha ameandika nini.

Na hapo ndipo yalipoanza mateso yake. Wiki ya pili Juditha aliandika ishirini na mbili na nusu. Wiki ya nne, ishirini na mbili kamili. Wiki ya saba, ishirini na moja na nusu.

Veneranda aliusoma mlango mara mbili. Haiwezekani. Njia ya msichana yule ni ndefu kwa hatua mia tatu! Akatafuta maelezo, akapata moja tu: Juditha anaandika muda wa uongo. Na mnajua nini? Alikasirika kwelikweli. Mwanamke aliyebingirisha jiwe mlimani alikuwa akizunguka kambini akilalamika moyoni kwamba siku hizi vijana hawana uaminifu.

Alhamisi iliyofuata akajificha nyuma ya msonobari wenye kovu, saa mkononi, tayari kumkamata mwizi.

Juditha alitokea kwenye kona akiwa amekunja uso, machozi na kamasi vimechanganyika na jasho. Alipopita mahali pa zamani saa ya Veneranda ilisoma dakika ishirini na sekunde kumi na nane. Katika maisha yake yote, hata alipokuwa na miaka ishirini na minne, Veneranda hakuwahi kufika pale kwa muda huo. Na msichana hakusimama. Aliendelea kupanda, akafika kwenye jiwe, akaliegemea, akatapika, akajifuta, akaanza kushuka akichechemea.

Veneranda alibaki kwenye majani. Angeweza kusimama wakati ule na kusema, "Mdogo wangu, hilo jiwe halikuwa hapo." Maneno sita tu. Lakini aliiona ile nafasi moja ya timu ya taifa ikimtoka mkononi, na roho ikakataa.

Akashuka, akachukua chaki. Akaandika muda ambao hajawahi kuukimbia: dakika ishirini na sekunde arobaini. Wiki iliyofuata akaandika ishirini na sekunde ishirini. Wiki ya tatu, ishirini na sekunde tano. Chaki haina uzito kama jiwe. Kocha Gwandu alisimama mbele ya mlango, akajikuna kidevu, akasema, "Hm," akaenda zake kunywa uji.

Sasa Juditha akaanza kuvunjika. Kila akishusha sekunde kumi, dada ameshusha ishirini. Akaacha kucheka na wapishi. Jumanne moja, zikiwa zimebaki wiki tatu kabla ya mchujo, alikuja chumbani kwa Veneranda na begi lake limefungwa.

"Dada, nimekuja kuaga. Kesho kutwa narudi nyumbani."

Veneranda alilazimika kuinama chini ya kitanda kana kwamba anatafuta ndala, ili uso wake usionekane.

"Kwa nini tena?"

"Nimefanya kila ninachokijua. Wewe bado uko mbali. Sina uwezo, ndivyo Mungu alivyoniumba. Ila nina ombi. Kesho tupande wote mlima, mara moja tu. Nikae nyuma yako nione unavyofanya, nikawasimulie nyumbani kwamba niliwahi kukimbia nyuma yako."

Veneranda alitaka kusema anaumwa. Lakini mlango ulikuwa wazi na kocha alikuwa anapita.

"Wazo zuri," alisema Gwandu. "Kesho saa kumi na mbili."

Wakapanda. Veneranda aliondoka darajani kwa kasi ambayo hajawahi kuitoa maishani, kwa hasira, kwa hofu, akitaka amwache msichana mapema amalizane naye. Nyuma yake alisikia hatua zile zile nyepesi. Hazikumpita, wala hazikubaki nyuma. Zilimfuata kwa heshima kona baada ya kona.

Wakafika kwenye msonobari wenye kovu. Na pale, bila kuagizwa, miguu ya Veneranda ikazima. Miaka kumi na moja ilikuwa imezoea kwamba kazi inaishia hapo. Mbele zilibaki hatua mia tatu ambazo hajawahi hata siku moja kuzikimbia.

"Twende dada, bado kidogo!" Juditha alisema kando yake, akampita.

Veneranda alizimaliza hatua zile akitembea, mikono kiunoni, mdomo wazi. Alipofika, msichana alikuwa amekaa juu ya jiwe akiitazama saa yake kama mtu aliyeokota kitu njiani.

"Ishirini na hamsini na nane," alisema. "Sijawahi." Kisha akanyanyua uso, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi. "Dada, umeniachia."

"Nimechoka tu."

"Uchoke wewe? Wewe wa dakika ishirini na sekunde tano? Dada, mimi si mtoto. Umeona nakata tamaa, ukanipisha nipite ili nipate moyo."

Akisema amechoka kweli, mlango wa jiko unamsuta. Akaubeba uongo wake kimya, na Juditha akamkumbatia kwa nguvu mpaka mbavu zikauma. Jioni begi lilifunguliwa, na nguo zikarudi kwenye kamba.

Siku ya mchujo uwanja ulijaa. Mizunguko ishirini na mitano. Mzunguko wa kumi na tisa Juditha aliondoka, na hakuna aliyemfuata. Alikimbia kama mtu anayemkimbiza mwanamke wa dakika ishirini na sekunde tano, mwanamke ambaye hajawahi kuzaliwa. Veneranda alimaliza wa sita. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake, aliziona mbio nzima kutoka nyuma.

Mwandishi wa redio akamwekea Juditha kinasa sauti mdomoni. Ushindi huu ni wa nani?

"Ni wa dada yangu Veneranda," alisema. "Nilikuwa nimefunga begi niondoke. Yeye, bingwa, akakubali kushindwa mlimani ili mimi nibaki."

Uwanja ukapiga makofi. Watu wakamtafuta Veneranda kwa macho, wakamwona, wakasimama. Mama mmoja asiyemfahamu akambusu mkono. Kila kofi lilimwunguza. Alikuwa amejiandaa kwa miezi mitatu kumwona Juditha akishindwa, na pengine kwa wiki tatu kumwona akishinda. Kushukuriwa hakuwa amejiandaa nako hata kidogo, na hakuweza kuvumilia.

Akamshika msichana mkono, akamvuta hadi nyuma ya vyumba vya kubadilishia nguo, ambako kocha alikuwa anakunja mataulo.

"Nisikilize," alisema. "Lile jiwe mimi ndiye niliyelihamisha. Ulikuwa unakimbia njia ndefu kuliko yangu tangu siku ya kwanza. Na ile dakika ishirini na sekunde tano sijawahi kuikimbia. Nimeandika tu. Umesikia? Niliandika tu!"

Veneranda akasubiri matusi. Alikuwa anayatamani, kama mtu mwenye kiu.

Polepole uso wa msichana ukafunguka.

"Kumbe!" alinong'ona. "Kumbe ulikuwa unanifundisha kwa siri. Ukanirefushia njia nipate pumzi, ukaandika namba kubwa nisije nikaridhika. Na hukumwambia mtu. Dada, Mungu akupe maisha marefu."

Akapiga goti moja, kama mtu anavyomshukuru mama yake, kisha akaitwa kwenda kuvishwa medali, akakimbia.

Wakabaki wawili. Veneranda alimgeukia kocha.

"Mwalimu, mweleze. Mimi haniamini."

Gwandu alimalizia taulo la mwisho, akaliweka juu ya mengine.

"Yeye amekujua kwa miezi mitatu," alisema, "akaamua kukuona hivyo. Mimi nimekufundisha miaka kumi na moja. Nakuamini."

Akachukua mataulo yake akaenda kumwangalia Juditha akivishwa medali, na huko nje watu walikuwa bado wanaliita jina la Veneranda kwa furaha.

Funzo: Nguvu unayotumia kumrefushia mwenzako njia unaitoa kwenye miguu yako mwenyewe. Naye akifika, atakuwa amezoea safari ndefu, na wewe utakuwa umezoea kumtazama tu. Usishangae basi siku akikushukuru, na shukrani hiyo ikakuuma kuliko kipigo.